Ala ya Mfukoni

Usiku wa tarehe 28 Novemba 2008, katika klabu moja ya starehe mjini New York, Plaxico Burress alihisi kitu kikimteleza kiunoni. Mwezi Februari mwaka uleule Marekani nzima ilikuwa imemtazama akidaka mpira uliowapa New York Giants ubingwa wa soka la Kimarekani. Usiku huo alikuwa amechomeka bastola ya Glock kwenye suruali, bila ala wala chochote cha kuishika. Ilipoanza kushuka mguuni, mikono iliyozoea kudaka ikafanya kazi yake kabla ya akili. Kidole kikatua kwenye kifyatulio, na risasi ikapita kwenye paja lake la kulia.

Kibali chake cha silaha kilikuwa cha Florida, kilikuwa kimekwisha muda, na hata kingekuwa hai kisingemfaa New York. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Magazeti yaliandika mengi juu ya umaarufu, fedha na ujinga wa vijana. Mafundi wa ngozi waliona jambo dogo zaidi: palikosekana kipande cha ngozi ambacho fundi mzoefu hukikata, kukishona na kukikausha kwa siku mbili hivi.

Kipande hicho tuna neno lake la siku nyingi. Ni ala. Ala ya kisu, ala ya jambia, ala ya upanga. Wengine husema mkoba wa bastola, na si kosa, ila mkoba hupokea lolote unalotia ndani yake. Ala hukatwa kwa ajili ya kitu kimoja, na kingine hakiingii. Sura hii inahusu ala iliyo ndogo kuliko zote na pengine yenye ukaidi kuliko zote, ile inayokaa ndani ya mfuko wa suruali, haifungwi popote, na bado inatakiwa isitoke.

Mfuko kabla ya ala

Bastola ya mfukoni ilitangulia. Henry Deringer, fundi wa bunduki wa Philadelphia, alijipatia jina katika karne ya 19 kwa bastola fupi za risasi moja ambazo muungwana aliweza kuzitia mfukoni na koti likakaa vizuri. Ile ambayo John Wilkes Booth aliitumia kumpiga Rais Abraham Lincoln tarehe 14 Aprili 1865, ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre, ina urefu wa sentimita 15 hivi. Baada ya mauaji hayo jina la fundi lilienea kila mahali, likaongezewa herufi r moja njiani, na "derringer" ikawa jina la kila kibastola cha namna hiyo, awe amekitengeneza nani.

Hata huko magharibi, ambako sinema hutuonyesha kila mwanamume na mkanda wa risasi, mifuko ilifanya kazi kubwa. Baada ya mapigano ya Tombstone, Arizona, tarehe 26 Oktoba 1881, Wyatt Earp alieleza mahakamani kwamba bastola yake alikuwa ameitia kwenye mfuko wa koti. Hakuna ala ya kiunoni katika maelezo hayo, wala mkono unaoning'inia karibu na paja ukisubiri ishara. Ni koti tu, na mfuko wake.

Mfuko, hata hivyo, ni mahali pabaya pa kuweka mashine. Una nyuzi, vumbi, makombo, sarafu na funguo. Rivolva ya zamani ilikuwa na nyundo iliyochomoza nyuma kama kidole gumba, na nyundo hiyo ilinasa kwenye bitana mtu alipovuta. Ukiifuatilia historia ya bastola ndogo baada ya hapo utaona watu wakipunguza, mwaka baada ya mwaka, kila kinachoweza kunasa kwenye kitambaa. John Moses Browning alibuni bastola ya mfukoni ambayo kampuni ya Colt iliitoa mwaka 1903, nyundo yake ikiwa imefichwa ndani. Kikafuata kibastola kidogo zaidi, cha risasi za milimita 6.35, kilichotengenezwa na FN huko Ubelgiji na baadaye na Colt, kwa ajili ya mfuko wa kizibao. Mwaka 1950 Smith & Wesson walitoa Chiefs Special, rivolva fupi ya risasi tano, na miaka miwili baadaye wakatoa nduguye ambayo nyundo yake imefunikwa kabisa. Mwaka 2008, mwaka uleule wa mkasa wa Burress, kampuni ya Ruger ilileta LCP, bastola nyembamba ambayo bila risasi haifiki gramu 300. Ni nyepesi kuliko simu na funguo ambazo wengi wetu tunatembea nazo.

Wakati huohuo sheria zilikuwa zikibadilika. Florida mwaka 1987, kisha Texas mwaka 1995, zilifungua mlango wa vibali vya kubeba bastola iliyofichwa, na majimbo mengi yakafuata. Joto la huko halina huruma na makoti. Mtu aliyevaa fulana na kaptula hana pa kuficha kitu kiunoni, hivyo akarudi mfukoni. Nyundo ilikwishaondolewa, kona zilikwishachongwa zikawa laini, lakini kifyatulio hakiwezi kuondolewa. Hapo ndipo fundi wa ngozi alipopata kazi.

Kazi nne, na ya nne inazigomea tatu

Muulize fundi yeyote wa ala za mfukoni huko Marekani kazi ya kitu chake ni nini, atakuanzia kwenye kifyatulio. Ngozi ikifunike chote, pande zote mbili, ili ufunguo usiingie, kidole kisiingie, wala kamba ya koti isiingie. Hili halina mjadala.

Pili, ala isimamishe bastola. Bastola iliyotupwa mfukoni peke yake hujiviringisha mtu anapokaa na kuinuka, na saa ya kuihitaji mpini unaweza kuwa chini na mtutu juu. Ala ina kitako kipana kidogo kinachojaza sehemu ya chini ya mfuko, ili mpini ukae palepale asubuhi na jioni.

Tatu, ala ifiche umbo. Nguo ni mmbea. Ukivaa suruali nyepesi, bastola hujichora juu ya paja mpaka mtoto wa darasa la pili angeitaja jina. Ala ya mfukoni huivunjavunja picha hiyo: upande unaotazama nje huachwa bapa, bila kufinyangwa, ili anayetazama aone kitu cha mraba kinachoweza kuwa pochi au simu.

Kazi hizi tatu zinataka ngozi iikumbatie bastola, na kadiri inavyoikumbatia ndivyo inavyozifanya vizuri. Ya nne ni kinyume chake: bastola ikivutwa, ala ibaki mfukoni.

Ala ya kisu haina shida hii, kwa sababu imefungwa kwenye mkanda. Ya mfukoni haikufungwa popote. Ya kwanza niliyoishona mwenyewe, juu ya bastola bandia ya plastiki, niliionea fahari kwa jioni moja. Ilikuwa imekaza vizuri, mshono umenyooka, ukingo unang'aa. Asubuhi nikaitia mfukoni, nikavuta, na vyote viwili vikatoka pamoja. Nilisimama mbele ya kioo nimeshika ala ya ngozi nzuri sana yenye bastola ndani yake, haifai hata kumtishia paka. Nilikuwa nimeshona soksi.

Ngozi ina pande mbili

Dawa ya tatizo hilo imo ndani ya ngozi yenyewe, na ng'ombe ndiye aliyeileta. Ngozi ina upande wa manyoya, ambao ni laini na umeshikamana, na upande wa nyama, ambao ni wa nyuzinyuzi na unakwaruza. Fundi wa viatu au mikoba huweka upande laini nje, kwa uzuri. Fundi wa ala ya mfukoni mara nyingi huigeuza. Upande laini unaingia ndani, bastola iteleze. Ule wa nyuzinyuzi unatoka nje, ung'ang'anie kitambaa cha mfuko. Kwa hiyo ala inaonekana kama imevaliwa kinyume, na mteja asiyejua hudhani fundi amekosea.

Wengine huongeza ndoana. Ni ulimi wa ngozi unaochomoza nyuma ya ala, chini kidogo ya mpini. Mkono unapovuta juu na nyuma, ulimi hunasa kwenye ukingo wa chini wa mdomo wa mfuko, ala inabaki na bastola inatoka. Wapo wanaotumia vyote viwili. Lakini hata ndoana nzuri haiwezi kuisaidia suruali mbaya. Ngumi iliyoshika mpini ni kubwa kuliko kiganja kilichoingia mfukoni, na mdomo wa mfuko ukiwa mwembamba mkono hunasa kama ule wa nyani aliyefumbata karanga ndani ya kibuyu. Fundi mwenye adabu humwambia mteja aje na suruali yake.

Si kila ngozi inafaa. Ngozi nyingi ya viatu na makochi leo hutengenezwa kwa chumvi za kromu, njia iliyopewa hataza Marekani mwaka 1884. Ni ile ambayo katikati ya safari yake huwa na rangi ya buluu, na viwanda vya ngozi vya Afrika Mashariki vimeiuza nje kwa wingi ikiwa katika hali hiyo. Ni laini, haraka kutengenezwa, na haiogopi maji. Hiyohiyo ndiyo kasoro yake kwenye ala: ukiilowanisha na kuifinyanga hurudi ilivyokuwa. Mabaki ya chumvi yake, pia, yanaweza kuamsha kutu kwenye chuma kinachokaa humo siku nyingi.

Ala inataka ngozi iliyoiva kwenye maji ya magome. Watu wa pwani yetu wanaijua njia hii, kwa kuwa magome ya mkandaa yalikatwa kwenye mikoko ya Rufiji na Lamu kwa ajili ya kazi hiyo, yakasafirishwa mbali. Milimani kazi ileile ilifanywa na miwati, mti uliotoka Australia ukazoea baridi ya Njombe, ambako kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 imekuwa ikikamua maji ya magome yake kwa ajili ya viwanda vya ngozi duniani. Marekani nako, mtengenezaji wa ngozi ya matandiko huchanganya miwati na magogo ya kebracho kutoka Amerika ya Kusini. Ngozi ya namna hii huchukua wiki nyingi kuiva, ina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ina tabia moja ambayo kromu haina: ikilowa inatii, ikikauka inakumbuka.

Unene hupimwa kwa aunsi, kipimo cha kizamani ambacho aunsi moja ni sawa na milimita 0.4. Kwa mkanda wa suruali utataka aunsi nane au tisa. Kwa ala ya mfukoni aunsi nne au tano zinatosha, yaani milimita mbili au pungufu kidogo. Ikiwa nene zaidi, mfuko unajaa ngozi kabla ya bastola kuingia.

Mezani

Kazi inaanza bila silaha. Fundi hutumia bastola bandia ya plastiki iliyofinyangwa kwa vipimo vya ile halisi, mara nyingi ya rangi ya buluu ili mtu asiichanganye na ya kweli. Anailaza juu ya karatasi ngumu, anazungushia kalamu, kisha anaongeza nafasi ya mshono: unene wa bastola, unene wa ngozi, na upana wa ukingo. Hapa ndipo wanaoanza huharibu. Bastola nyembamba kwa macho ina milimita ishirini na zaidi za unene, na ngozi lazima iuzunguke unene huo. Ukiusahau, ala itatoka nzuri kwa bastola ya karatasi.

Kiolezo kikiwa tayari, kisu hufuata. Ngozi hukatwa kwa mkono mmoja usiosita, kwa kuwa kila unaposita huacha jino kwenye ukingo. Vipande viwili hubandikwa gundi kwenye ukingo tu, kisha fundi hupitisha gurudumu dogo lenye meno linaloacha alama za matundu, kila moja milimita tatu au nne kutoka kwa mwenzake. Msharasi hutoboa alama hizo moja moja. Uzi wa kitani hupakwa nta ya nyuki hadi unate vidoleni.

Mshono ni ule wa matandiko ya farasi. Uzi mmoja una sindano mbili, moja kila mwisho. Sindano ya kulia inapita tunduni, ya kushoto inalifuata tundu lilelile kutoka upande wa pili, kisha mikono yote miwili inavuta kwa nguvu sawa. Cherehani hufunga nyuzi mbili katikati ya kitambaa, na mmoja ukikatika mwenzake hulegea hatua kwa hatua. Kwenye mshono wa sindano mbili uzi umepita mara mbili katika kila tundu, hivyo ukikatika mahali pamoja, ule wa upande mwingine bado umeshika. Karibu na kifyatulio hilo si jambo la urembo.

Kisha maji. Ala iliyoshonwa huzamishwa kwenye maji ya vuguvugu kwa sekunde chache, mpaka povu dogo linaloitoka lianze kupungua. Huachwa kidogo ipumue, na inapoanza kurudisha rangi yake, plastiki ya buluu huingizwa ndani. Sasa ngozi ni kama unga wa chapati uliokandwa vya kutosha. Fundi huibonyeza kwa vidole gumba, polepole, akitafuta kwa kugusa kile asichokiona: pale pete ya kifyatulio inapoanza, pale mtutu unapoishia. Mfupa uliolainishwa, au kijiti kigumu, hupita kwenye mabonde hayo kuyatia kina. Hufanya hivyo upande mmoja tu, ule utakaotazama paja. Wa nje huachwa bapa.

Shimo moja ndilo linaloamua kila kitu. Ndani ya pete ya kifyatulio, mbele ya kifyatulio chenyewe, fundi huisukuma ngozi iingie milimita mbili hivi. Ikikauka, inakuwa kizingiti. Bastola ikiingia mpaka mwisho utasikia mlio mdogo, tak, na ukiigeuza ala kichwa chini haitoki. Ukiivuta kwa nguvu ya mkono wa kawaida, kizingiti kinaiachia. Milimita moja ikizidi, unarudi kwenye soksi yangu. Ikipungua, ala inakuwa mfuko ndani ya mfuko.

Kukausha kunataka subira. Anayeiweka ala juani au kwenye oveni kali huikuta imekakamaa kama papa mkavu, na siku ya pili inapasuka. Kivulini, penye upepo, ikae usiku mzima au zaidi. Mwisho kingo hukwanguliwa kona zake, hulowanishwa kidogo na kusuguliwa kwa kijiti hadi zing'ae, kisha nta. Ndani hapatiwi mafuta mengi, kwa sababu mafuta huilainisha ngozi na kile kizingiti huanza kusahau.

Pochi ambayo si ala

Kuna aina moja inayofanana na ala lakini si ala. Ni kipande cha ngozi cha umbo la pochi kinachobeba bastola ndogo, kikiwa na tundu ambalo kidole hupita kikafika kwenye kifyatulio, ili mtu apige bila hata kuitoa. Mamlaka ya shirikisho ya Marekani inayosimamia silaha imekuwa ikishikilia kwamba bastola ndogo ikiwa ndani ya pochi ya namna hiyo si bastola tena. Vyote viwili kwa pamoja ni silaha ya aina nyingine, inayoangukia chini ya sheria ya mwaka 1934, ile iliyotungwa enzi za majambazi wa bunduki za rashasha, na inatakiwa isajiliwe.

Nimekuwa nikiurudia uamuzi huo, maana umeitafsiri kazi ya fundi vizuri kuliko matangazo ya biashara. Ngozi ni ileile, uzi ni uleule. Tofauti ni tundu moja. Likiwapo, ngozi imekuwa sehemu ya silaha. Lisipokuwapo, ngozi imesimama kati ya silaha na mwenye nayo.

Mtihani wa mwisho

Ala ikiwa kavu, fundi huitia kwenye mfuko wa suruali yake pamoja na ile plastiki ya buluu na kuanza kuvuta. Akisimama, akiwa amekaa, akiwa amekunja goti. Mara ishirini, mara hamsini. Kila mara mkono hutoka na plastiki peke yake au, ikishindikana, kazi hurudi mezani: kizingiti hupunguzwa kwa mfupa, upande wa nyuzinyuzi husuguliwa kwa msasa ukwaruze zaidi.

Kisha humfundisha mteja kurudisha, jambo ambalo wengi hawalifikirii. Bastola hairudishwi kwenye ala iliyo ndani ya mfuko, kwa sababu huwezi kuona kilichojikunja mle. Toa ala. Itazame ndani. Ingiza bastola mpaka isikike tak. Ndipo vyote viwili virudi mfukoni kwa pamoja. Ni taratibu, na hakuna anayekukimbiza.

Jioni bastola itolewe na kupanguswa, kwa kuwa ngozi hunywa jasho la paja mchana kutwa na chumvi yake haipendani na chuma. Ala ikae wazi ipate hewa. Ukiitazama wakati huo, tupu juu ya meza, bado ina umbo la kile kilichotoka: kibonde cha pete ya kifyatulio, mwinuko wa mtutu, na kile kizingiti cha milimita mbili.

Sharti la mwisho mteja hupewa mlangoni, akiwa ameshalipa na anataka kuondoka. Mfuko wenye ala usiwe na kitu kingine. Si funguo, si sarafu, si kalamu, si peremende ya mtoto. Wengi huitikia kwa kichwa tu. Mafundi waliokaa na kazi hii miaka mingi humsimamisha mteja hapohapo, wakamwomba atoe vyote vilivyo kwenye mfuko ule na kuvihamishia wa pili, mbele ya macho yao.